Zilikuwa Zimekwisha Kuondoka

Soweto, Moshi
14 Julai 2025

Mpendwa Mama Upendo,

Pole sana, rafiki yangu. Barua yako niliipokea juzi jioni, nikaisoma mara mbili nikiwa bado nimesimama mlangoni. Unasema picha zimeonyesha madoa matatu kwenye ini la kaka yako, miezi mitano tu baada ya kukatwa kipande cha utumbo mpana, na kwamba baba mdogo amesema mbele ya ukoo mzima kuwa ugonjwa ulikuwa umelala mahali pake hadi wewe uliposhikilia apasuliwe, ndipo kisu kikauamsha. Unaniuliza kama ni kweli, na unaniomba nisikufiche. Si kweli. Nitakueleza kwa kirefu, maana miaka kumi na tisa niliyokaa maabara nikikagua nyama za wagonjwa imenionyesha jambo hili kwa macho yangu mwenyewe.

Watu wengi huifikiria seli, ile chembe hai inayoujenga mwili, kama kifuko cha maji, lakini ndani yake mna kiunzi kilichojengwa kwa protini. Kuna mirija iitwayo mikrotubuli, yenye upana wa nanomita 25 hivi (nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni), ambayo ni njia za kusafirishia mizigo. Kuna nyuzi za keratini, ambazo mimi huzifananisha na kamba za katani, kwa kuwa hazina ugumu wa mti lakini ukizivuta hazikatiki upesi. Na kuna aktini, nyuzi nyembamba kuliko zote, zenye unene wa nanomita 7, zilizosongamana chini tu ya ngozi ya seli. Hizi hazifanani na fito za nyumba ya udongo, ambazo zikishafungwa zimefungwa. Uzi wa aktini huongezewa vipande upande wa mbele huku ukipunguzwa upande wa nyuma, usiku na mchana, na kwa njia hiyo seli huweza kusukuma ngozi yake mbele, kushika pale ilipofika, kisha kuuvuta mwili wake uliobaki nyuma.

Kutembea, basi, si jambo geni kwa seli za utumbo. Utando wa utumbo mpana umejaa vishimo vidogo sana. Seli huzaliwa chini ya kishimo, hupanda ukutani polepole, na baada ya siku nne au tano hufika juu zikabanduka na kupotea. Ila hupanda zikiwa zimeshikana. Kinachozishikanisha ni protini iitwayo E-kadherini, ambayo hutokeza nje ya seli ikaishika ile ya jirani, na kwa ndani imefungwa kwenye aktini kupitia protini nyingine, beta-katenini.

Naomba uishike hiyo beta-katenini, maana hapo ndipo penye jibu lako. Ile inayobaki bila kazi ya kufunga huteketezwa na seli yenyewe, na protini ya APC ni mojawapo ya zinazosimamia uteketezaji huo. Katika saratani za utumbo mpana, takriban nane kati ya kila kumi, jeni ya APC imeharibika. Beta-katenini hurundikana, huingia kwenye kiini cha seli, na huko huwasha jeni ambazo hazikupaswa kuwaka. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba mojawapo ya jeni hizo ni ya fasini, protini ambayo utando wa utumbo mpana wenye afya kwa kawaida hauna. Kazi ya fasini ni kuzifunga nyuzi za aktini pamoja kama tita la kuni, hadi zipate ugumu wa kusukuma kidole chembamba nje ya seli, kidole cha kupapasia njia. Na walipouchunguza uvimbe wenyewe, waliikuta fasini kwenye ukingo ule tu unaochimba kuingia nyamani. Mimi jambo hili hunisikitisha kila ninapolifikiria: protini iliyowekwa kuifunga seli kwa jirani yake ndiyo hiyo hiyo inayokuja kuipa miguu ya kuondokea.

Ukingo huo nauona kazini karibu kila wiki. Nyama ikishawekwa kwenye nta, tunaikata kwa unene wa mikroni nne, yaani sehemu nne za milimita iliyogawanywa mara elfu, tunaitia rangi, viini vinakuwa buluu na sehemu nyingine waridi. Katikati ya uvimbe bado utaona seli zimejipanga kwa duara, duara zilizopinda na kubanana, lakini zimejipanga. Ukisogeza kioo taratibu kuelekea ukingoni, mpango unavunjika. Unakuta seli moja peke yake ndani ya ukuta wa utumbo, mbele kidogo mbili, mahali pengine tatu au nne, hazizidi hapo, zimeziacha zile nyingine nyuma. Sisi huziita chipukizi, na tunazihesabu, kwa sababu zikiwa nyingi hatari ya ugonjwa kusambaa huwa kubwa. Nyingi kati yake zimelegeza E-kadherini, na baadhi huanza kutengeneza vimentini, uzi wa kiunzi ambao kwa kawaida ni wa seli zinazohamahama.

Sasa rudi kwenye majibu ya maabara uliyoninakilia. Mstari wa tano unasema kwamba seli za saratani zimeonekana ndani ya vena ndogo, yaani mshipa mdogo wa damu. Kipande kile kilitoka mwilini mwa kaka siku ile ile ya upasuaji, kikatiwa dawa ya kuhifadhi, na chochote kilichoonekana ndani yake kilikuwamo kabla daktari hajashika kisu. Seli hizo zilikuwa zimekwisha kupenya ukuta na kuingia kwenye damu, na damu ya utumbo mpana hupita kwenye ini kabla ya kwenda kwingine. Doa ambalo picha inaweza kulionyesha tayari lina mamilioni mengi ya seli. Wakati wa upasuaji yalikuwa bado madogo mno kuonekana, lakini hayakuanzia pale. Wewe uliposhikilia akatwe, uliondoa chanzo kilichokuwa kikiendelea kutoa wasafiri.

Kama kuna kipindi kinachoniuma, ni ile miezi tisa ya mwanzo, alipokuwa akienda choo chenye damu na zahanati ikampa dawa za bawasiri bila mtu kuagiza kipimo cha kamera. Siandiki haya ili tutafute mtu mwingine wa kulaumiwa. Nayaandika kwa sababu watoto wake wakubwa, na wewe pia, mnapaswa kumweleza daktari kwamba ndugu yenu wa damu amepata ugonjwa huu, ili aamue ni lini mwanze kupimwa.

Labda utauliza pia kwa nini isitolewe dawa ya kuikata hiyo miguu. Aktini ndiyo inayoukaza moyo na misuli yote. Ukiitilia sumu, unamuua mgonjwa. Dawa anazopewa kaka, yaani florourasili na oksaliplatini, hushambulia seli zinazogawanyika, wala hazigusi kiunzi. Na kwake hilo linafaa, kwa sababu watafiti wale wa 2007 waliona pia kwamba seli zikishafika mahali papya na kuota, fasini haionekani tena. Zimeketi, zinajipanga upya kwa duara kama zilivyokuwa utumboni, na sasa kazi yao ni kuongezeka.

Hapo ndipo ninapoogopa maneno ya baba mdogo. Umeniandikia kwamba daktari amesema madoa ni machache, yako upande mmoja wa ini, na kaka akiitikia dawa wanafikiria kuyakata. Hilo hufanyika, na wapo wanaopata miaka mingi kwa njia hiyo. Lakini kaka akiamini kwamba kisu cha kwanza ndicho kilichomsambazia ugonjwa, hatakubali cha pili.

Kwa hiyo Jumamosi nitapanda Coaster ya saa moja asubuhi, saa nne niwe nimefika kwako. Mwombe baba mdogo awepo, na umwambie kwa heshima kwamba ni mimi ninayeomba. Majibu ya maabara yaweke karibu, karatasi yenyewe yenye muhuri, maana nataka nimsomee mstari wa tano akiwa ameushika mkononi mwake, na kaka akiwa amekaa hapo hapo anasikia.

Msalimie sana kaka, na umwambie namletea ndizi za mshale.

Rafiki yako,
Mama Anande