Kilo za mahamri si kilo za ulingoni

Mhariri,

Mpwa wangu ni bondia. Alikuwa na kilo 79, akaamua kupanda uzani mzito. Dawa yake: mahamri kwa mbaazi asubuhi, viazi karai jioni, pilau usiku. Juzi tulimpima kwa mizani ya magunia pale Kongowea, ikasoma 91. Akacheka. Nikamshika kiuno, vidole vikazama.

Tukaenda mazoezini. Raundi ya pili tu, mguu wa nyuma unaburuta, mkono wa kushoto umeshuka hadi kifuani. Kifua kile (na bado anavuta shisha!) kinapumulia mwili mpya kwa pumzi za zamani.

Bondia Mmarekani Roy Jones Jr alipopanda uzani mzito mwaka wa 2003 alikuwa na pauni 193 tu (kilo 87 na ushei). Akamshinda John Ruiz wa pauni 226 (kilo 102 na ushei) kwa miguu, si kwa ubavu. Balaa ilikuja aliporudi pauni 175 (kilo 79 hivi): Mei 2004 Antonio Tarver akamlaza raundi ya pili. Bondia Oleksandr Usyk naye alipanda uzani mzito 2019, asimkabili bingwa Anthony Joshua hadi 2021.

Makocha wanaomsifia kijana huyu kifua, naomba wampe kamba ya kuruka na saa kwanza.

Mjomba mtu,
Majengo, Mombasa