Mluzi niliokuwa nikiuzima

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika safu hii kwamba siku hizi Wazungu wanarekodi mngurumo wa jenereta na kuuita muziki. Hakutaja jina, lakini kwa maelezo yake (mama wa Kifaransa, saa nzima, hakuna ngoma wala mwimbaji) nimejua anamsema Éliane Radigue, mtunzi wa muziki wa mitambo. Simlaumu sana. Mara ya kwanza mjukuu wangu aliponivisha visikilizio nimsikie, nilivivua nikakagua waya.

Mimi nilikuwa fundi mitambo redioni kwa miaka 26. Enzi zetu kipindi kilihaririwa kwa wembe: unakata kanda, unaiunga kwa utepe, unamwomba Mungu kiungo kisiachie mkiwa hewani. Adui yetu mkubwa alikuwa mluzi. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye maikrofoni, inakuzwa, inatoka, inarudi. Kufumba na kufumbua studio nzima inalia na mkuu wa zamu amekutolea macho. Kazi yako ni kuuzima, tena upesi.

Mama huyu aliufuga. Alizaliwa Paris mwaka 1932, akaolewa na msanii Arman, wakalea watoto watatu kule Nice, kusini mwa Ufaransa, jirani na uwanja wa ndege. Wakati huo ndege zilikuwa za kuhesabu, naye akazoea kusikiliza miungurumo yao, mmoja mmoja. (Sisi wa Kipawa tumeishi chini ya ndege maisha yetu yote, na sikumbuki kama niliwahi kutulia nikaisikiliza hata moja.) Redioni akasikia kazi za Pierre Schaeffer, mtu wa mitambo kama sisi, ambaye mwaka 1948 alitunga muziki kwa milio ya treni. Akaenda kujifunza kwake na kwa mtunzi mwenzake, Pierre Henry. Mwaka 1967 akawa msaidizi wa Henry, kazi yake kukata na kuunga kanda. Kazi yangu hasa!

Hapo ndipo alipoanza kuuchezea mluzi. Maikrofoni ukiisogeza mbali kidogo, unakufa. Ukiikaribisha kidogo, unapiga ukelele. Katikati pana upenyo mwembamba kama uzi, na humo sauti inakaa, inapumua, inageuka taratibu. Msomaji mwenzangu anadhani hilo halina ufundi. Ajaribu. Mimi nilijaribu mwezi uliopita, na uzoefu wangu wote, kwa spika moja na maiki ya kuazima. Niliushika kama dakika moja hivi, kisha jirani akagonga mlango.

Baadaye akaenda New York, akapata sinthesaiza ya ARP 2500, mtambo wa kutengeneza sauti kwa umeme. Aliporudi nayo Ufaransa, kinanda chake alikiacha hukohuko. Hakuwa na haja ya kupiga nota. Alitaka kusogeza vitufe kidogo kidogo, kadiri ya unywele, mpaka sauti moja iwe imegeuka nyingine na wewe msikilizaji hujui iligeuka saa ngapi.

Miaka ya 1970 alifuata dini ya Kibudha ya Tibet, akaacha kutunga kwa miaka kadhaa. Aliporudi ndipo ikaja kazi ninayotaka kuisema hasa. Mwaka 1988 alimaliza Kyema, kuhusu safari ya roho baada ya kifo. Mwaka uliofuata mwanawe Yves akafariki kwa ajali ya gari. Akaendelea: Kailasha, kisha Koumé, iliyokamilika 1993. Zote tatu pamoja zinakaribia saa tatu.

Nami nimezika mtoto. Matanga yakishaanuliwa, mikeka ikarudishwa kwa wenyewe, nyumba inabaki na mlio wake, mdogo, usioisha, na ukimwambia mtu anasema hasikii kitu. Nilipofika katikati ya Kyema niliutambua.

Msomaji alisema pia kwamba vitu hivi ni vya mashine, havina binadamu. Tangu 2011 mama huyu alikuwa akitunga mfululizo uitwao Occam Ocean kwa ajili ya wapigaji wa kinubi, fidla na ala nyingine za kawaida, na hakuwaandikia nota. Mpigaji alikwenda kwake Paris, wakakaa, wakachagua taswira ya maji, kipande kikajengwa kwa mazungumzo na kusikilizana. Marehemu baba mkubwa, mpiga zumari wa Tanga, alinifundisha vivyo hivyo, karatasi hatukuiona. Jina Occam, kwa taarifa, limetoka kwa mwanafalsafa wa zamani Mwingereza, William wa Ockham, na kanuni yake iitwayo wembe, ya kukata yasiyo ya lazima. Nilicheka sana nilipolijua hilo. Wembe wangu ninao bado, kwenye kopo la misumari.

Sasa niko kwenye Kailasha, usiku, bila visikilizio. Jana mke wangu ameita fundi wa friji.

Fundi mitambo mstaafu,
Kipawa, Dar es Salaam