Kisu Ulichoniulizia

Mwanga, Kigoma
Jumapili jioni

Kwako Baba Zawadi,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wajukuu wote. Sisi hapa wazima, isipokuwa goti la Mama Neema, ambalo siku hizi linajua mvua kabla ya redio.

Sasa swali lako. Juzi kwenye simu uliniuliza kama bado ninacho kile kisu, nikasema ninacho, halafu salio likakatika (lako, si langu, naomba hilo lieleweke). Jibu lenyewe ni refu kidogo, ndiyo maana nimetafuta karatasi. Isitoshe, kifurushi kisicho na barua ni kama posa isiyo na mshenga.

Usiku uleule nilifungua sanduku la bati nikakitoa. Nikatoa na vingine vyote nilivyonavyo, vinne kwa jumla, nikavipanga juu ya meza kwa kufuata nilivyovipata. Mama Neema akapita akauliza kama nataka kufungua bucha. Mimi nilikuwa nimeduwaa. Nimeishi na visu hivi miaka yote bila kuona kwamba kimoja baada ya kingine vinapungua. Cha ujanani kirefu kama samaki, cha leo kinapotea kiganjani.

Cha kwanza ni hicho chako, yaani changu, maana tulibadilishana kihalali: wewe ukachukua raba zangu nyeupe, mimi nikachukua kisu. Ilikuwa 1985, kidato cha tatu, hukohuko Tabora, na miaka ile hata sabuni ya kufulia tuliipangia foleni, sembuse kisu cha kukunja cha Mjerumani. Okapi. Mpini wa mbao wenye mwezi na nyota, pete ya chuma mgongoni, na ile sauti. Kra-kra-kra-kra. Unakumbuka nilivyokuwa nakifungua bwenini taa zikishazimwa, bila sababu yoyote, ili tu wale wa vitanda vya mbali wajue kwamba kipo? Nilikuwa na miaka kumi na minane. Ukiniuliza leo kilikata nini, naona maembe tu. Maembe na mua, na mara moja kamba ya kuanikia nguo, kwa bahati mbaya.

Na hata maembe yalikishinda. Kilitoka madoa meusi, nikadhani nimeuziwa chuma kibovu, nikawa nakisugua kwa mchanga na majivu kila Jumamosi. Hakikuwa kibovu. Chuma cha namna ile kina kaboni na hakina kromi ya kuzuia kutu, kwa hiyo kikigusa kitu kichachu, embe bichi au limau, kinabadilika rangi. Faida yake ni kwamba kinanoleka upesi: ukikipitisha kwenye jiwe mara chache tu kinakata. Nililijua hilo nikiwa nimeshakikwangua nusu ya uhai wake.

Kuna jambo jingine nililijua ukubwani likanichekesha. Visu vile vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, hasa kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yao ya Afrika, yaani kwetu sisi. Jina wakachukua la yule mnyama wa misitu ya Kongo, jamii ya twiga mwenye miguu ya mistari kama punda milia, ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamempa jina la kisayansi mwaka mmoja tu kabla. Mwishoni mwa miaka ya 1980 utengenezaji ukahamia Afrika Kusini. Kwa hiyo chako ni cha kule kwa wenyewe, kama meli yetu Liemba hapa bandarini, ambayo nayo ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikavunjwavunjwa, ikasafirishwa, ikaunganishwa upya papa hapa Kigoma. Meli ilizamishwa na wenyewe 1916, Waingereza wakaja kuiibua. Kisu chako mimi nimekizamisha mara mbili, na mara zote mbili nimepiga mbizi.

Wewe baada ya kubadilishana ulinunua nini? Kile kijembe cha kuchongea penseli, urefu wa kidole cha mwisho, mpini wa pembe uliopasuka. Tukakuita Babu. Nakumbuka ulijibu, huku unamenya karanga, kwamba kisu kisichokaa mfukoni siku nzima bila kukusumbua ni mzigo kama mizigo mingine. Tulicheka mpaka mwalimu wa zamu akaja. Nimekuwa nikilikumbuka jibu lile kwa hasira kidogo, maana imenichukua miaka arobaini kufika ulipokuwa umekaa.

Cha pili ni kile chekundu chenye msalaba. Nilipoanza ufundi wa mashine za boti pale mwalo wa Kibirizi, Okapi ikaonekana haifai. Ina kazi moja tu, na fundi kijana anataka kuonekana ana jibu la kila swali. Kwanza nikanunua cha bandia sokoni. Bisibisi yake ilijipinda siku ya kwanza kama kijiko cha bati. Halisi nilikipata baadaye, abiria mmoja mgeni alinilipa nacho baada ya kumtengenezea mashine, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanavisifu. Kiwanda chenyewe ni cha Uswisi, karakana iliyofunguliwa 1884 na mtu aitwaye Karl Elsener, na kisu chao cha maofisa walikisajili 1897. Springi mbili tu mgongoni zinabeba nyenzo pande zote. Akili safi kabisa.

Lakini nikwambie ukweli wa kile kisu. Katika vidude vyake vyote, miaka kumi na zaidi, nilivyovitumia ni bapa kubwa, kifungua chupa, na kale kakibano kanakochomekwa pembeni, ka kutolea miiba. Kile cha kung'olea vizibo vya chupa sijawahi kukutana na chupa yake. Uzito wake ulitoboa mifuko ya suruali tatu, na Mama Neema wakati huo tulikuwa wachumba, akishona huku ananitazama kwa namna ya mtu anayefikiria upya.

Kilichoniachanisha nacho ni hili pengo unalonitania nalo. Sikuwahi kukusimulia vizuri. Ilikuwa usiku wa giza, wa dagaa, taa zimetapakaa ziwani kama mji. Tumepeleka mashine kwenye boti iliyozimika, na wakati wa kurudi kipande cha wavu kikajisokota kwenye propela. Nikainama nyuma, mkono wa kushoto umeshika mashine, boti inapanda inashuka. Kisu ninacho, mfukoni, mkono wa kulia unakifikia. Ila kile kinafunguliwa kwa mikono miwili: mmoja unashika mpini, mwingine unaingiza ukucha kwenye kile kijifereji. Mikono miwili sikuwa nayo. Nikakiuma. Bapa likafunguka na kipande cha jino kikabaki ziwani. Halafu, nilipokuwa nachokonoa wavu kwa ncha, kikajikunja chenyewe kwenye kidole, kwa sababu hakina cha kukizuia kisirudi, ni springi tu inayokishikilia. Kovu lile ninalo bado. Wavu tuliukata kwa panga la mpika chai.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kisu cha mkono mmoja. Cha tatu hicho, cheusi, kina tundu kwenye bapa unalisukuma kwa kidole gumba, tak, kimefunguka na kimejifunga kwa loki. Nusu ya makali ina meno kama msumeno, kwa ajili ya nailoni. Kamba ya wavu ikiloa, makali laini yanateleza juu yake, meno yanaikamata. Kwa kazi ile sijaona mfano wake, na kama ningekuwa bado naingia ziwani ningekuwa nacho hadi sasa. Shida yake kunoa. Lile jiwe la kawaida halifiki katikati ya meno, unahitaji kijiti cha kunolea, jino moja moja, na macho.

Macho ndiyo yaliyoanza kuondoka. Nilikuwa na arobaini na tano hivi. Nilizoea kunoa jioni mlangoni, natazama makali yalivyo kwenye mwanga, kama yana kimstari kinachong'aa basi bado ni butu. Siku moja nikaona hayana mstari, nikafurahi, nikajaribu kukata karatasi, ikachanika. Mstari ulikuwepo, asiyeuona ni mimi. Nikaanza kusogeza kisu mbali na uso, mbali, mbali, mpaka mkono ukaisha. Miwani ilikuja baadaye. Siku hizi nanoa kwa masikio na kwa kucha: naweka makali juu ya ukucha wa gumba bila kukandamiza, yakiteleza bado, yakinasa tayari.

Vidole vikafuata. Asubuhi za kiangazi, upepo ukivuma kutoka ziwani, gumba la kulia halitaki kazi mpaka chai ya pili. Mwaka juzi nilikuwa nyumbani na mjukuu, ana chungwa, ananiangalia. Nikasukuma tundu la kile cheusi, hakikufunguka. Nikachukua chekundu, ukucha ukakatika. Yule mtoto akaenda jikoni akarudi na kisu cha bibi yake. Hakusema kitu, na heri angesema.

Ndiyo nikapata hiki cha nne. Kimekuja kupitia Bujumbura, mpini wa mbao wa duara, bapa la kama sentimita 7, kina namba 6 juu yake. Kifaransa, Opinel. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza huko milima ya Savoie mwaka 1890, akavipanga kwa namba kuanzia 1 hadi 12 kila mtu achague ukubwa wake, na hiyo pete inayozungushwa shingoni ili bapa lisijikunje waliiongeza 1955. Hakina springi kabisa, ndugu yangu! Kinachokishikilia ni mbao yenyewe kubana bapa, kwa hiyo hakuna ukucha wala nguvu, unavuta tu kwa vidole viwili. Ni chepesi hata nimekifua mara moja na shati. Na bapa lake ni la kaboni, linafanya weusi kwenye limau kama lile la embe la 1985. Safari hii nimeliacha liwe jeusi. Linapendeza.

Kina kasoro moja, na ni kubwa kwa mtu wa ziwani. Mbao ikinywa unyevu inavimba na kisu kinagoma. Masika nakigonga kisigino cha mpini mezani mara tatu ndipo bapa litokeze. Nikafanya ujanja wa Kigoma, nikakipaka mawese. Kwa wiki mbili kilikuwa rangi ya chungwa, kilinata mfukoni, na sisimizi wakakifanya mtaa wao. Fundi seremala mmoja hapa ameniambia dawa ni nta, uiyeyushe, mbao iinywe ikiwa kavu. Sasa mimi nina rafiki Tabora anayefuga nyuki na ninahangaika na mawese! Nitumie nta, donge moja tu la ukubwa wa ngumi, isiyo na masega.

Kazi zake ni hizo ulizokuwa unazifanya ukiwa kidato cha tatu. Kumenya chungwa utepe mmoja usiokatika, hiyo ni heshima yangu kwa wajukuu. Kukata uzi wa Mama Neema. Kufungua mfuko wa chumvi ya Uvinza, kupasua kidonge kile cha presha ambacho daktari ameandika nusu. Jioni nachonga kipande cha mti ambacho hakitakuwa kitu.

Sasa nakuja kwenye ombi lako. Umesema mjukuu wako anaanza kuchunga mizinga na wewe na ungependa awe na kile Okapi. Nilifikiri kukuandikia kwamba kwa mtoto wa miaka kumi na sita kisu kile ni kirefu mno, wewe Babu umpe kijembe chako. Nikaanza hata kuandika, karatasi ile imeishia jikoni. Lakini mimi nilimsikiliza nani nikiwa kijana kama yeye? Wewe mwenyewe ulinipa kwa raba.

Kwa hiyo kinakuja. Kimo ndani ya kifurushi cha migebuka mikavu, nimekizungushia kipande cha khanga, kijana wa treni ameahidi kukuwekea stesheni. Nimekinoa na kukipaka mafuta ya cherehani. Pete yake inakwama ukitaka kukikunja, asiivute kwa nguvu. Aibonyeze kidogo kwanza kuelekea kwenye mpini, halafu aiinue. Na akiwa juu ya mti na mkono mmoja umeshika tawi, mwambie asikifungue kwa meno. Akiuliza kwa nini, nipigie simu aniulize mimi, kwa salio lako.

Raba zangu je, ulizifanyaje?

Ni mimi rafiki yako,
Baba Neema