Barua kwa mwanangu: Boka haitoshi orodha mbili

Mwanangu,

Sisi hapa Tivat, kwenye ghuba yetu ya Boka, hatujambo. Dada yako kanipa salamu zako, na habari zako kanipa pia: wiki ijayo unakwenda Podgorica na wenzako kuandikisha orodha ya pili ya wagombea wa Wakroati kwa uchaguzi wa Bunge la Montenegro. Siandiki kukukataza, umeshakuwa mtu mzima. Naandika kwa sababu anasema umemwambia kura za orodha mbili "si zitajumlishwa tu". Hazijumlishwi, mwanangu.

Ulichosoma ni kifungu kingine. Bunge lina viti 81, nchi nzima ni jimbo moja, na orodha isiyofikisha kizingiti cha asilimia 3 ya kura haipati kiti. Jamii ya wachache ambayo orodha zake hazikufika 3, lakini kila moja imepata angalau 0.7, kura zake huwekwa pamoja na kugawiwa viti visivyozidi vitatu. Ndivyo Waalbania walivyoingia mwaka 2023 na orodha mbili, moja viti viwili, nyingine kimoja. Sisi tukigawanyika hatufiki 0.7 kila upande. Kilichobaki kwa Wakroati ni mlango wa pembeni: orodha ya Kikroati iliyoongoza, ikipata angalau asilimia 0.35 ya kura halali, hupewa kiti kimoja. Basi. Za aliyefuata zimekwenda na maji.

Na yalishatokea. Mwaka 2020 tulikuwa na orodha mbili, moja ikapata kama asilimia 0.27, nyingine nusu ya hiyo. Zikiwa pamoja, kiti kilikuwa chetu. Zikiwa mbalimbali, tukakaa nje ya Bunge mpaka 2023. Wenzako wanasema sasa ni tofauti. Tofauti ipi? Waulize wakuandikie kwa namba.

Waulize na hili, maana najua hawajalipigia hesabu: 0.35 ni ya kura halali za nchi nzima, si za Boka. Mwaka 2020 watu walijitokeza sana, kura halali zikapita 400,000, kwa hiyo ilihitajika kama 1,430. Mwaka 2023 wengi walibaki nyumbani, zikawa kama 300,000, na kizingiti kikashuka kwenye 1,050 na kitu. Maana yake watu wa mji wa Nikšić, mbali na Boka, wakiamka mapema siku hiyo, sisi huku tunahitaji mamia ya kura zaidi bila kosa letu. Sensa ya 2011 ilituhesabu asilimia 0.97, ile ya 2023 ikasema 0.83. Ni watu elfu tano na ushee. Toa watoto. Toa walioko Zagreb na Ujerumani, kwa sababu hakuna kupiga kura ubalozini, na mpiga kura lazima awe ameishi nchini miezi 24. Wanaobaki ndio unataka kuwagawa?

Sahihi hazitakusumbua, na hapo ndipo mnapodanganyika. Orodha ya kawaida inahitaji sahihi za asilimia 0.8 ya wapiga kura wote. Jamii isiyozidi asilimia 2 ya watu inahitaji 300 tu. Lakini mtu anaruhusiwa kusaini orodha moja, na wengi watakusainia kwa heshima ya familia. Sahihi si kura. Na usisaini kwa jina la bibi yako hata akikuomba kwa machozi. Hata kwenye uchaguzi wa rais wa 2018 watu walikuta majina yao kwenye karatasi ambazo hawakuwahi kuziona, na siku hizi Tume ya Uchaguzi humwezesha mtu kuangalia jina lake mtandaoni. Kwenye maombi muandike waziwazi kwamba orodha ni ya Wakroati, la sivyo ile 0.35 haiwahusu. Na katika kila majina manne awepo mwanamke mmoja. Vijana wenu husahau, halafu orodha inarudishwa.

Kusema unajua kuliko sisi wote, hilo nakiri. Kuhesabu bado.

Mama yako, mtu wa mji wa Cetinje huyo, anasema kama wazee wa Kikroati wamekuchosha, nenda kwenye vyama vya Kimontenegro vya kiraia. Huko mlango wa pembeni haupo. Wamontenegro ni asilimia 41, hawana wingi wa kutosha lakini pia si wachache kisheria. SDP, chama kimojawapo cha hivyo, kilipata asilimia 2.98 mwaka 2023. Hakikupata hata kiti kimoja. Na Muungano wa Kiliberali wa Slavko Perović, ambao mama yako hawezi kuutaja bila kusimama: ulizaliwa Cetinje 1990, ukapinga vita dhidi ya Dubrovnik, mji wa Kroatia, wakati kupinga kulikuwa hatari, ukapata viti 13 mwaka 1992. Mwaka 1996 ukaungana na chama kilichotaka kubaki na Serbia, ili mradi serikali ianguke. Mwaka 1998 vikabaki viti vitano. Ukajivunja 2005, na mwaka uliofuata uhuru waliouimba ukapatikana kwenye kura ya maoni kwa asilimia 55.5, wakati kilichotakiwa ni 55. Wenyewe hawakuwepo. Sisemi hasira zao hazikuwa za haki. Za kwenu pia ni za haki. Wazee wetu hawasikilizi, na mimi ni mmoja wao.

Basi nenda kaonane na hao wazee kwanza. Dai nafasi ya pili kwenye orodha yao, dai kwa maandishi. Wakikataa, nipigie kabla hujakusanya sahihi hata moja.

Pampu ya kisima imekufa tena, fundi anasema ni vali ya chini inayorudisha maji. Zeituni zitakuwa tayari mwishoni mwa Oktoba na mgongo wangu haupandi ngazi. Ukirudi, pitia njia ya Cetinje. Mjomba wako wa Njeguši ametuwekea paja la nguruwe la moshini. Usimlipe, nilishamlipa, atajifanya hakumbuki.

Baba yako