Dozi Kwanza, Fagio Baadaye: Risala kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Maafisa Probesheni na Maafisa Ustawi wa Jamii, wenyeviti wa serikali za mitaa na mabalozi wa nyumba kumi, wauguzi mnaotunywesha dawa kila siku, sikukuu hadi sikukuu, wazazi wetu na wanakikundi wenzangu. Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama, na tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko wa watu ambao hawaalikwi sana. Juzi tulipokwenda kukodi viti hivi mlivyokalia, mwenye viti alituuliza, "Nyinyi ndio wale mateja?" Katibu wetu akamjibu kwamba nusu yetu ndio, na nusu iliyobaki imewazaa au imeolewa nao. Viti tulipata, ila alitaka fedha yote mkononi kwanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu ni cha hiari. Kazi yetu ni kumshika mkono mraibu wa heroini aliyefikishwa mahakamani kwa kosa dogo, ili hukumu yake imfikishe kwenye tiba na si kwenye mlango wa gereza anaoujua tayari. Makosa yenyewe yanafahamika: kuiba simu, kubeba vyuma vya watu, uzururaji. Wauzaji wa unga hatuwazungumzii hapa. Hao Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inawashughulikia, nasi wenye watoto walioharibiwa nao hatuna neno la kuwatetea.

Njia ya kisheria ipo, wala hatukuibuni sisi. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inamruhusu hakimu, pale ambapo kifungo hakizidi miaka 3, kumwamuru mkosaji, akiridhia mwenyewe, afanye kazi ya umma bila malipo huku akilala kwake. Na tiba ipo. Kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayomtuliza mraibu asiteswe na kiu ya heroini, ilianza Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, ikafuata Temeke, na leo huduma imefika mikoani. Kwa hiyo sheria tunayo na dawa tunayo. Kinachokosekana ni mtu wa kuviunganisha, na hapo ndipo tunapoomba sikio lako.

Tukueleze kisa cha kijana wetu wa kwanza. Jina lake tunalihifadhi, ingawa yumo humu ndani na amevaa shati tulilomwazima. Mahakama ilimpa huduma kwa jamii, akapangiwa kufagia eneo la zahanati. Wakati huohuo alikuwa kwenye methadoni. Wasioijua dawa hii wafahamu kwamba kwa kawaida haibebwi nyumbani kama panadol. Mgonjwa anakwenda kliniki kila siku, anakunywa mbele ya muuguzi, kisha anasemeshwa ili ijulikane ameimeza kweli. Yeye analala Chamazi. Atoke huko alfajiri, abadili daladala Mbagala, apange foleni, anywe, arudi. Akifika zahanati jua limeshapanda, na msimamizi ameandika kwenye daftari: amechelewa. Siku ya pili, amechelewa. Siku ya tatu msimamizi akamwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba akichelewa tena jina linarudi mahakamani.

Kijana akaogopa. Kesho yake akaacha dozi, akafika wa kwanza. Siku hiyo alifagia mpaka nyuma ya choo, maana dawa ya jana ilikuwa bado mwilini, na msimamizi akamsifu. Siku iliyofuata alianza kupiga miayo, macho yanatoka machozi, kamasi hazikatiki, mgongo unauma. Waliopitia arosto, yale mateso ya mwili uliokosa dawa, wanaijua hiyo miayo, haina uhusiano na usingizi. Siku ya tatu fagio la chelewa lilikutwa limeegemezwa ukutani vizuri, mwenyewe hayupo. Tulimkuta maskani. Alikuwa ameshapiga kete ya unga.

Sasa nani mkosaji hapo? Msimamizi alifuata daftari lake. Muuguzi alifuata utaratibu wa dawa. Afisa probesheni, anayewafuatilia waliopewa amri hizi, alitakiwa kisheria kutoa taarifa kwamba amri imevunjwa, naye akaitoa. Kila mmoja alifanya kazi yake sawasawa na kijana akarudi kizimbani. Ni pale, kwenye benchi la mahakama, kikundi hiki kilipozaliwa.

Tulichofanya ni kitu kidogo sana, Mheshimiwa, mtu anaweza kukicheka. Tulinunua daftari la kaunta. Kila ukurasa una safu mbili: muuguzi anagonga muhuri kuonyesha mtu amekunywa dozi, msimamizi wa kazi anatia saini na saa. Mgonjwa anatoa ridhaa yake kwa maandishi kwanza, maana habari za matibabu ni siri yake. Kisha tulikwenda kwa wasimamizi, mmoja baada ya mwingine, kuwaomba saa za kazi zihesabiwe kuanzia pale mtu anapotoka kliniki, hata kama atafagia mchana jua kali. Wengi walikubali. Wachache walituambia mahakama ndiyo inayopanga, na mahakamani tukaambiwa msimamizi ndiye anayepanga. Tulipanda na kushuka hizo ngazi mpaka walinzi wakatuzoea.

Kazi nyingine ni ya kabla ya hukumu. Afisa probesheni hawezi kumpendekeza mtu kwa hakimu bila kwenda kwao, kuuliza majirani, kuuliza balozi, hata kumuuliza aliyeibiwa. Taarifa hiyo ndiyo inayoamua. Na majirani, Mheshimiwa, wamechoka. Sufuria zao zimeuzwa, mabomba yao yameng'olewa. Wakiulizwa wanasema "mpelekeni tu tupumzike", na hatuwalaumu. Sisi tunachotafuta ni mtu mmoja tu, mara nyingi shangazi au bibi, atakayesema "alale kwangu". Bila huyo hakuna anwani, bila anwani barua ya serikali ya mtaa haitoki, na bila barua hakuna dhamana. Tumewahi kumpata bibi huyo sokoni, anauza ndimu, akatukubalia kabla hatujamaliza kueleza, kisha akatugeukia: "Lakini chumbani kwangu haingii."

Linalotuuma zaidi ni siku za mahabusu. Mtu aliye kwenye methadoni akikamatwa Ijumaa jioni, Jumamosi hanywi na Jumapili hanywi. Jumatatu anapanda kizimbani anatetemeka, anatapika, watu wanadhani amelewa. Hali hiyo ukimsomea shtaka la kuiba mnara wa simu atakiri ili aondoke. Na akitoka, kliniki haiwezi kumrudishia kipimo chake kilekile kama siku zilizokosekana ni nyingi, kwa kuwa mwili umeshaisahau dawa na kipimo cha zamani kinaweza kumuua. Anaanza chini, anapanda pole pole, na katika siku hizo za kupanda ndipo unga unapomwita. Kuna kituo kimoja, hatutakitaja, ambacho mkuu wa zamu alitusikiliza akaruhusu askari ampeleke mtu kliniki asubuhi na kumrudisha. Ilimchukua askari nusu siku. Tunajua si jambo dogo kwa kituo chenye askari wachache.

Liko pia suala la kuteleza, na hapa tuseme ukweli kwamba hata kikundini hatuelewani. Mama zetu wengi wanataka mtu akirudia unga hata mara moja amri ifutwe. Sisi tulioonja tunasema uraibu ni ugonjwa unaorudi, na aliyeteleza akaja mwenyewe kusema asihesabiwe sawa na aliyekimbia. Mjadala huu umewahi kuvunja kikao na chai ikapoa. Msimamo tuliokubaliana kwa sasa ni kwamba afisa probesheni aambiwe siku hiyohiyo, na mtu apewe nafasi ya kuonekana na daktari kabla ya kuonekana na hakimu.

Wanawake ni wachache kwetu, na si kwa sababu hawatumii. Mama mwenye mtoto mchanga mgongoni hawezi foleni, daladala mbili na fagio kwa siku moja, na kwao hakuna wa kumwachia mtoto. Hili bado limetushinda.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya hayo tuna maombi. Kubwa ni kikao. Tunaomba ofisi yako iite meza moja, mara moja kwa mwezi, yenye polisi, mahakama, probesheni, kliniki, ustawi wa jamii na sisi. Leo tunabeba ujumbe kwa miguu kutoka ofisi hadi ofisi, na kila ofisi inatuheshimu lakini haina inachoweza kuiambia nyingine. Kikao hicho kikitoa hata karatasi moja inayosema dozi itangulie kazi, na inayosema kituo kipige simu kliniki pindi mtu wa methadoni anapokamatwa, sehemu kubwa ya risala hii haitakuwa na haja ya kusomwa mwakani. La pili ni nauli. Mtu anayefanya kazi bila malipo kwa amri ya mahakama hawezi kulipa daladala nne kwa siku, na jibu la swali la "anaipata wapi" sote humu tunalijua. La tatu, mafagio. Tunanunua wenyewe na yanakwisha haraka kuliko tulivyotegemea.

Umeona tumekualika saa tisa alasiri, si asubuhi kama ilivyo desturi ya shughuli zenye mgeni rasmi. Asubuhi ukumbi huu ungekuwa na wazazi na viti tu. Wenzetu wote waliokaa mistari ya nyuma wameshakunywa, wameshafagia, wameshatia saini. Mmoja bado, ndiye yule aliyesimama karibu na mlango. Anamaliza zamu yake saa kumi na moja, na msimamizi wake amemruhusu aje akusikie kidogo halafu arudi, kwa hiyo ukimwona anatoka katikati ya hotuba yako usidhani umemchosha.

Daftari lenyewe liko hapa mezani. Kabla hujaondoka tunaomba utie saini ukurasa wa leo. Safu ya wageni hatukuwahi kuiweka, saini popote palipo wazi.

Naomba kuwasilisha.