Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa TEHAMA: Naomba mstari mmoja tu kwenye mkataba

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu na heshima nyingi. Nimekuandikia mara tatu kupitia kwa mkuu wangu, kama taratibu zinavyotaka, na mara zote nikajibiwa kwamba "suala lako linafanyiwa kazi". Jumatatu lilifanyiwa kazi kweli: saa mbili na dakika kumi asubuhi mfumo wetu wa kumbukumbu ulijifunga, ukadai leseni imekwisha muda.

Haijaisha. Tumelipa, risiti ninayo. Nahisi ni seva ya leseni ya muuzaji iliyovurugika baada ya toleo jipya la Jumapili usiku, lakini nahisi tu, maana ndani ya programu ile hakuna mtu wa kwetu anayeruhusiwa kuchungulia. Muuzaji alipokea simu siku ya tatu. Siku hizo zote niliandika kwa kalamu, usiku mmoja nikalala ofisini kwa tumaini la kijinga kwamba mfumo utafunguka wenyewe, na mchana nikatukanwa na watu waliofuata majalada yao. Mzee mmoja aliniuliza jalada lake ni la kwetu au la kampuni. Sikuwa na jibu, Mheshimiwa. Wewe unalo?

Nakukumbusha kikao cha bajeti. Nilipopendekeza programu huria ulicheka, ukasema rahisi ghali, wajumbe wakapiga makofi. Mimi sikusema bure, nilisema huru. Kiswahili kimetupa maneno mawili, tuyatumie. GPL, leseni maarufu ya programu huria iliyopo tangu 1989, haikatazi mtu kuuza kazi yake. Inachodai ni kwamba anayepewa programu apewe na msimbo chanzo, yaani maandishi ya watengenezaji yanayoiunda programu, aruhusiwe kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Tungeita fundi yeyote. Sasa tumepata ghali bila hata hiyo rahisi.

Utasema programu huria nazo zina matundu. Zinayo. Machi 2024 xz, programu huria ya kubana mafaili, ilikutwa na mlango wa siri uliopandikizwa makusudi. Ila aliyeugundua, Andres Freund, wala hakuwa mtunzaji wa xz. Aliona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kunachelewa kama nusu sekunde, akafukua mpaka akaufikia. Kwenye mfumo wetu angefukua wapi? Mfumo ambao ukiandika 29 Februari unakwambia umekosea tarehe! Tuliripoti. Tukaambiwa tusubiri toleo lijalo, ambalo nalo linalipiwa.

Wala usinifariji kwamba kampuni ni kubwa. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Zilianguka pamoja kwa sababu zote zilimtegemea mmoja.

Uliahidi mkataba ukimalizika utatangaza zabuni upya. Nasikia unaongezwa kimyakimya. Nilikuwa na maombi mengi, ya mafunzo, ya seva yetu wenyewe, nimeyaacha. Naomba mstari mmoja: msimbo chanzo uwe mikononi mwetu, chini ya leseni huria. Hilo likishindikana, basi majalada yatoke katika muundo ulio wazi, tuyafungue bila kumpigia mtu simu. Mstari mmoja, Mheshimiwa.

Na huo nao ukishindikana, nipe namba ya muuzaji inayopokelewa.

Wako mtiifu, mpaka leo,
Mtunza kumbukumbu