Mvuvi mzee asifutwe katika daftari la diko

Mhariri,

Mwezi uliopita, katika kikao cha wavuvi kilichofanyika dikoni kwetu hapa Lamu, yaani pale vyombo vyetu vinapofikia na kushusha samaki, palitolewa pendekezo kwamba mvuvi yeyote aliyetimiza miaka 65, na ambaye hana tena mwenzake wa chombo, aondolewe katika daftari la wanachama, kwa hoja kwamba mzee akienda baharini peke yake hujihatarisha mwenyewe na kuwatia taabuni watakaokwenda kumtafuta. Waliolitoa pendekezo hilo ni vijana wetu, na najua walilitoa kwa huruma. Mimi nina miaka 69, mwenzangu wa chombo alifariki mwaka juzi, na siku ile nilikaa kimya kwa sababu koo lilinikaba. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme nilichoshindwa kukisema kikaoni.

Mimi na marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, tulivua pamoja kwa miaka 38, kwanza katika mashua ya ami yake, kisha katika dau letu wenyewe. Yeye alikaa tezi, nyuma ya chombo, mimi nikakaa omo, mbele. Upepo ulipozidi hakuwa na haja ya kuniita, wala mimi kumwita. Alinisikia nikibadilisha pumzi, akalegeza demani, ile kamba ya tanga, kabla dau halijalala. Uzee ulipotufikia, ulitufikia kila mmoja kwa upande wake: macho yake yaliingia ukungu wa mtoto wa jicho lakini mikono yake ilibaki na nguvu, na mimi magoti yalishikwa na baridi yabisi lakini niliendelea kuona mbali. Kwa miaka sita au saba ya mwisho nilikuwa nikimwambia kilicho mbele yetu, naye akivuta kilichokuwa chini. Watu waliotuona tukirudi na samaki walidhani bado tuna afya njema.

Nieleze jinsi mwamba unavyotafutwa, kwa kuwa hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mwamba ulio chini ya maji hauonekani, na mvuvi huupata kwa kulinganisha alama za nchi kavu, jozi mbili za alama, mpaka mistari miwili ikutane mahali pamoja. Mwamba wetu bora, ambao wasomaji wataniwia radhi nisipoutaja ulipo, ulikuwa na jozi moja upande wa kisiwa cha Manda na jozi nyingine upande wa kijiji cha Shela, ambako mnara wa msikiti wa Ijumaa, ule uliojengwa mwaka 1829, ulilinganishwa na vilima vya mchanga. Tangu ujanani tuligawana: mimi niliangalia Manda, yeye akaangalia Shela. Mchanga husogezwa na upepo mwaka baada ya mwaka, na yeye ndiye aliyekuwa akirekebisha hesabu yake msimu kwa msimu, bila kunieleza, kwa sababu hatukuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuwa peke yangu pale. Alipozikwa, nusu ya mwamba ule ilizikwa naye.

Baada ya arobaini yake nilitoka mara tatu kuutafuta. Chubwi, yaani risasi ya kuzamishia ndoana, likifika kwenye mwamba hugonga, na mkono hulisikia kupitia mshipi, uzi wa kuvulia. Likifika kwenye mchanga hutua laini, kama mtu aliyeketi kitandani. Mara zote tatu lilitua laini. Siku ya tatu, kwa kung'ang'ania, nilisogea na kutia nanga mahali ambapo hatukuwahi kutia, ikanasa. Nanga ikinasa, mmoja hushika kamba na mwingine hukisogeza chombo mpaka mbele yake, ili ing'olewe kwa upande wa pili. Nilijaribu kufanya kazi zote mbili. Nilipiga kasia, nikaliacha, nikakimbilia kamba, dau likawa limesharudi nyuma. Nikaanza upya, nikashindwa tena. Viganja vilichubuka, kifua kikabana, na maji yaliyokuwa yakikupwa yakaanza kulivuta dau kuelekea bahari kuu. Nilikaa kitako kwa muda nikiitazama ile kamba iliyokaza, kisha nikatoa kisu nikaikata. Nanga ile tulifuliwa na mhunzi hapa Langoni mwaka tulioununua mti wa dau, na ingali chini mpaka leo.

Kwa hiyo nawakubalia vijana wetu kwamba hatari ipo. Lau wangeniona siku ile wangekuwa na haki ya kunifungia mlango. Lakini nilirudi nikakaa na nafsi yangu, nikabadilisha uvuvi wangu, na nitaeleza nilivyoubadilisha kwa sababu wapo wazee wengine katika vijiji vya Lamu, Pate na hata Malindi ambao wako katika hali hii na wanaona aibu kuuliza.

Ninapokuwa peke yangu sitoki tena nje ya mlango wa bahari. Navua ndani ya mkondo, kando ya mikoko, na natoka siku za maji mafu tu, yaani siku ya saba na ya nane ya mwezi mwandamo, na ile ya ishirini na moja na ishirini na mbili, wakati mkondo ni mpole na chubwi dogo hukaa chini bila kuburutwa. Mshipi mwembamba wenye chubwi dogo hauniumizi mabega. Badala ya nanga ya chuma natumia jiwe lililofungwa kamba, ambalo likinasa naliacha bila majuto. Madema, mitego yetu ya samaki, nilikuwa nikitega manane, sasa nategea mawili, katika kina cha pima mbili ambacho nakifikia kwa pondo, mti mrefu wa kusukumia chombo. Macho hayawezi tena kulenga tundu la ndoana, basi kila Alhamisi usiku mjukuu wangu wa kike hunifungia ndoana ishirini katika vipande vifupi vya mshipi, akazichomeka kwa mstari katika soli ya ndala kuukuu. Mimi nikifika baharini nafunga fundo moja kubwa tu, ambalo vidole vinalijua hata gizani. Simu naitia katika mifuko miwili ya nailoni, na mke wangu namwachia saa ya kurudi, jambo ambalo kwa miaka 38 sikulifanya hata mara moja kwa kuwa alijua niko na nani.

Pweza nimemwacha kabisa, na hilo liliniuma. Pweza huwindwa kwa miguu siku za bamvua, ambapo hapa kwetu maji hukupwa mno kati ya saa nne na saa tano asubuhi na mwamba ukabaki wazi. Ukiwa kijana unaruka kutoka jiwe hadi jiwe na chuma mkononi, unakagua tundu baada ya tundu, na jicho linatambua kifusi kidogo cha magamba mlangoni mwa pango kabla ya kumwona mwenyewe aliyemo. Mwamba una utelezi, na maji yakigeuka kujaa hayamngoji mtu mwenye magoti yangu. Tulikuwa wawili, mmoja akiteleza mwenzake humpa mkono. Nilipokuwa peke yangu niliteleza mara moja, nikamaliza siku ile nikiwa nimeketi juu ya jiwe, nikisubiri goti litulie ili nirudi ufukweni kabla ya maji.

Jambo hili si letu wavuvi peke yetu. Ndugu zetu Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni, wa Basuba na vijiji vinginevyo vya msitu wa Boni, waliishi kwa kuwinda mpaka serikali ilipopiga marufuku uwindaji nchini mwaka 1977. Siilaumu sheria ile, na wanyama pori walihitaji ulinzi. Lakini nimekaa na wazee wao walipokuja mjini, na nimeona kwamba mzee aliyejua kusoma nyayo hakuwa na mtu wa kumwonyesha nyayo, kwa sababu elimu ya namna hiyo hupokewa njiani, mzee na kijana wakiwa wanatembea pamoja, na njia ilikuwa imefungwa. Urinaji wa asali wangali nao, wakimfuata yule ndege anayemwongoza mtu mpaka kwenye mti wenye nyuki, na katika hilo mzee wao bado ana kijana nyuma yake. Kwetu bahari haijafungwa na sheria yoyote. Itakuwa ajabu tukimfungia mzee wetu njia kwa mikono yetu wenyewe.

Bahari yenyewe pia imebadilika. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilianza kazi Mei 2021, na kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya mradi ule. Sikusudii kuingia katika mjadala huo hapa. Nataka tu msomaji aone kwamba kila kipande cha bahari ya ndani kinachopungua humgusa mzee kabla ya mwingine yeyote, maana kijana mwenye mashine ataongeza mafuta aende nje, ilhali mzee hana pengine pa kwenda. Na wale wanaosema tutulie nyumbani tukisubiri pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, nawaambia kwamba mwakani nikijaaliwa nitatimiza miaka 70 na nitazipokea shilingi 2,000 hizo kila mwezi kwa shukrani. Hazitoshi kitoweo cha nyumba yangu, na mtu aliyezoea kulisha hataki kungoja kulishwa akiwa bado anaweza kukaa tezi.

Ninachokiomba kinahusu mgawo. Katika vyombo vingi vya hapa kwetu, samaki wakishauzwa hutolewa kwanza gharama za chambo, mafuta na barafu, kisha kinachobaki hugawanywa: fungu la chombo, fungu la nyavu au mishipi, na mafungu ya mabaharia, nahodha akaongezewa. Asiyevuta hana fungu. Ndiyo sababu hakuna chombo kinachomchukua mzee aliyefiwa na mwenzake. Atakula sehemu ya mtu mwenye nguvu, na hilo vijana wenye watoto wadogo hawawezi kulibeba kila siku, hata wakiwa na moyo mwema kiasi gani. Basi na liwepo fungu la mzee, nusu ya fungu la baharia, litolewe kabla ya mgawo kama yanavyotolewa mafuta, kwa mzee anayekaa chomboni kwa ajili ya anachokijua.

Nayasema haya nikiwa nimeyajaribu. Kaskazi iliyopita alinijia mjukuu wa marehemu mwenzangu, kijana wa miaka 22 mwenye mashua ya mashine ya kukodi, akaniambia, "Babu, wewe kaa tezi, kazi ya mikono niachie mimi." Tulitoka kuutafuta mwamba. Mimi nilimpa mstari wa Manda, na tulipokuwa tukihangaika na ule wa Shela alikumbuka kwamba alipokuwa mdogo babu yake alimchukua mara mbili tatu, na alikuwa akisema mnara uingie katika mwanya wa vilima viwili. Mimi miaka yote nilidhani ni kileleni. Tulisogea kidogo kusini, nikatupa chubwi, likagonga. Sikuweza kusema neno, na kijana naye akageuza uso.

Sasa mahali pale pamo ndani ya simu yake, na vijana wengine wananiambia kwamba kwa hiyo mzee hahitajiki tena. Simu humfikisha juu ya mwamba. Haimwambii kwamba siku za bamvua mkondo wa pale utamburuzia chubwi hata akilitia uzito maradufu, wala kwamba changu wakianza kudonoa chambo bila kumeza anatakiwa kutulia na asihame, wala wingu la namna gani juu ya Manda linamtaka akunje mshipi arudi sasa hivi. Hayo anayapata kwangu, nami kwake napata mikono na macho. Ananipa nusu fungu kwa hiari yake, na mama yake anajua.

Naomba, kwa hiyo, daftari la diko lisifutwe majina bali liandikwe upya kwa jozi, ili mzee akifiwa na mwenzake kamati ijue siku ileile na imtafutie kijana. Atakayebaki peke yake kwa muda awekewe mpaka wa kuvua ndani ya mkondo na siku za maji mafu. Mpaka huo nitautii na nitawahimiza wenzangu wautii. Na ngazi za dikoni ziwekewe kamba ya kushika, maana wengi wetu tunaanguka pale kabla hatujaifikia bahari.

Kikao kijacho kitafanyika Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala. Nitashukuru barua hii ikitoka kabla ya siku hiyo, ili isomwe kwa sauti na mmoja wa vijana, kwa kuwa mimi huenda nikachelewa kufika. Asubuhi hiyo ni maji mafu, na kijana wangu ameshaagiza chambo.

Mvuvi mzee,
Langoni, Lamu.